Watoto wa Gregori na Jina Lililopigwa Marufuku

Tarehe 3 Aprili 1603 Baraza la Mfalme mjini Edinburgh lilitoa amri ambayo mfano wake ni adimu katika historia ya Ulaya. Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa amefariki siku kumi nyuma, na Mfalme James wa Uskoti alikuwa akifungasha kwenda London kurithi kiti chake. Zikiwa zimebaki siku mbili tu apande farasi, lilikuwapo jambo alilotaka liishe kabla hajaondoka. Amri ilisema kwamba tangu siku ile jina MacGregor lisiwepo tena. Kila aliyeitwa hivyo atafute jina jingine, na atakayeng'ang'ania jina la baba yake adhabu yake ni kifo.

Wafalme wameteka ardhi za watu na kuchoma vijiji tangu zamani. Huyu alitaka kuua neno.

Neno lenyewe halimpi shida msomaji wa Kiswahili. Katika Kigaeli, lugha ya milima ya kaskazini na magharibi mwa Uskoti, *Mac* ni bin. Mwanamke hasemi Mac, husema *Nic*, yaani binti. Nalo neno *clann*, ambalo Waingereza walilifanya jina la ukoo wa Kiskoti, maana yake ya asili ni watoto tu. Kwa hiyo Clann Ghriogair ni watoto wa Gregori, na MacGregor ni bin Gregori. Tofauti ni kwamba bin yetu husogea kila kizazi: Salim bin Ali akipata mtoto, mtoto huitwa bin Salim. Mac ya Waskoti ikafika mahali ikaganda, ikabaki kwa babu mmoja wa mbali, na vizazi vyote vya baadaye vikajiita wanawe.

Babu huyo ni nani? Wenyewe husimulia kwamba wanatoka kwa Mfalme Alpin wa karne ya 9, na kaulimbiu yao husema kwamba uzao wao ni wa kifalme. Hilo ni fahari ya ukoo, na kila ukoo una yake. Wanahistoria huanzia chini zaidi, katika karne ya 14, kwa mtu aliyeitwa Gregor wa Hatamu za Dhahabu, aliyeishi upande wa Glen Orchy, bonde la mto linaloteremka kuelekea ziwa refu la Loch Awe. Mwanawe, Iain mwenye jicho moja, alifariki mwaka 1390. Kutoka kwake matawi yakaenea mashariki kupitia Glenstrae, Glen Lyon na Balquhidder, mabonde membamba yenye mvua nyingi, ambako mali ya mtu ilikuwa ng'ombe na heshima yake ilikuwa idadi ya wanaume watakaosimama akiita.

Sipendi watu hawa watajwe kama wezi wa mifugo tu, maana ndivyo maadui zao walivyowaandika. Kati ya mwaka 1512 na 1542, huko Fortingall, kasisi mmoja wa ukoo huu, James MacGregor, Mkuu wa Kanisa la Lismore, pamoja na ndugu yake, walikusanya mashairi ya Kigaeli wakayaandika katika kitabu kimoja. Kitabu hicho kipo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Bila mikono ya akina MacGregor, sehemu kubwa ya ushairi wa kale wa Kigaeli wa Uskoti ingekuwa imepotea.

Tatizo lao lilikuwa hati. Waliishi kwenye ardhi kwa sababu baba zao waliishi hapo, na kwa upanga. Majirani zao, ukoo wa Campbell, walijifunza mapema kwamba kipande cha ngozi chenye lakiri ya mfalme hushinda upanga. Bonde baada ya bonde likaandikishwa kwa jina la Campbell, na watoto wa Gregori wakajikuta wapangaji mahali walipozikwa babu zao. Mwaka 1560 mkuu wao kijana, Gregor Roy, alipodai urithi wake wa Glenstrae, Colin Campbell wa Glenorchy, aliyekuwa amekwisha kununua haki ya juu ya ardhi ile, alimnyima. Vita vya kuviziana vikafuata kwa miaka. Gregor alikuwa amemwoa Marion, binti wa Campbell wa Glenlyon, na ndiyo maana habari hii inauma: tarehe 7 Aprili 1570 Colin alimkata kichwa mume wa binti wa ukoo wake mwenyewe. Maombolezo ambayo watu humhesabia Marion, yaitwayo *Griogal Cridhe*, huimbwa hadi leo, na huimbwa kwa namna ya wimbo wa kubembeleza mtoto. Mama anamlaza mtoto aliyeachiwa yatima, na humo ndani ya bembelezo analia.

Tarehe 7 Februari 1603, Alasdair MacGregor wa Glenstrae, mtoto wa Gregor na Marion, alikutana vitani na ukoo wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin, karibu na Loch Lomond. Mashtaka yaliyosomwa baadaye yalihesabu waliouawa upande wa Colquhoun kuwa 140. Miezi miwili isiyotimia baadaye ikatoka amri tuliyoanza nayo. Alasdair alijificha hadi Earl wa Argyll, mkuu wa akina Campbell, alipomwahidi kwamba akijisalimisha atamfikisha salama katika ardhi ya Uingereza. Argyll alitimiza herufi za ahadi. Alimvusha mpaka karibu na Berwick, miguu yake ikakanyaga Uingereza, kisha wakamrudisha Edinburgh. Tarehe 20 Januari 1604 alinyongwa pamoja na wenzake, na kwa kuwa alikuwa mkuu, kamba yake ilifungwa juu kuliko zao kwa kadiri ya kimo chake. Kabla ya kufa alieleza kwamba Argyll huyo huyo ndiye aliyemchochea awashambulie majirani zake.

Sheria zilizofuata zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake unaona watu wakijaribu kufuta ukoo kwa kalamu. Waliopigana Glen Fruin walikatazwa kubeba silaha yoyote isipokuwa kisu kisicho na ncha, cha kukatia chakula. Fikiria mwanamume wa milimani, ambaye kisu kilikuwa sehemu ya nguo zake, akiketi kula mbele ya wageni na kipande cha chuma kilichochongwa butu. Kila tonge lilimkumbusha yeye ni nani. Mwaka 1613 walikatazwa kukutana zaidi ya wanne. Mwaka 1617 Bunge likawakumbuka watoto, wasije wakakua na kulirudia jina. Mwaka 1633 wachungaji wa milimani wakaamriwa wasimbatize mtoto wa kiume jina la Gregor, na waandishi wa hati wasiandike mkataba wowote wenye jina hilo. Asiye na jina kwenye kitabu cha kanisa wala kwenye mkataba hawezi kurithi wala kukopesha, na deni lake hawezi kulidai mahakamani.

Basi wakawa watu wengine. Huyu akaitwa Drummond, yule Murray, wengine Graham, Stewart au Grant, kwa kawaida kufuata jina la bwana mwenye ardhi au la upande wa mama. Wengi wakawa Campbell, jina la watu waliowanyang'anya mabonde. Barabarani na sokoni mtu alikuwa Campbell; akifunga mlango na kukoka moto, akawa bin Gregori. Watu waliwaita Watoto wa Ukungu, kwa kuwa ukungu wa milimani ndio uliowaficha.

Mfalme Charles wa Pili aliwarudishia jina mwaka 1661, kwa shukrani ya uaminifu wao. Ndipo akazaliwa mtu maarufu kuliko wote. Kitabu cha parokia ya Buchanan kinaonyesha kwamba tarehe 7 Machi 1671 alibatizwa Robert, mtoto wa Donald MacGregor na Margaret Campbell. Ni Rob Roy. Januari 1693 akamwoa Mary, naye MacGregor, na mwaka huo huo Bunge likalipiga jina marufuku kwa mara ya pili. Bwana harusi wa miaka 21 akachukua jina la mama yake, na ndivyo mfanyabiashara huyu wa ng'ombe, aliyekuja kuwa mtoro wa madeni na jambazi wa hadithi, alivyojiita katika shughuli zake: Robert Campbell. Mwanawe James akatumia Drummond. Baba Campbell, mtoto Drummond, na wote wawili hakuna mtu katika bonde aliyewadhania kuwa si MacGregor.

Lakini sheria ya Uskoti haikuvuka bahari. Upande wa pili wa mlango wa bahari, katika Ulster ya Ireland, familia za Kiskoti zilikuwa zimehamia kwa maelfu, na huko mtu aliweza kuitwa MacGregor mchana kweupe. Mmoja wao, mchungaji James MacGregor wa Aghadowey, aliongoza waumini wake kuhama mwaka 1718, wakichoshwa na kodi za ardhi na ubaguzi wa kidini. Mwaka uliofuata walianzisha makazi New Hampshire, Marekani, ambayo baadaye yaliitwa Londonderry. Husimuliwa kwamba wao ndio waliopanda viazi mviringo vya kwanza katika sehemu ile. Uskoti, walikotoka babu zake, jina la mchungaji huyu lilikuwa kosa la jinai. Ng'ambo likawa la kiongozi wa mji.

Marufuku ilifutwa mwaka 1774, na hapo ndipo unakutana na James wa pili, naye mchungaji, ambaye kwangu ndiye moyo wa habari hii. Alizaliwa Desemba 1759 kando ya Loch Earn, katika nyumba ya mkulima na mfumaji aliyejulikana kama James Drummond. Sheria ilipoondoka, mtoto akalirudia jina la ukoo. Julai 1786 akashuka Pictou, Nova Scotia, katika Kanada ya leo, akahudumu kwa Kigaeli na Kiingereza miongoni mwa walowezi wa kutoka milimani, akitembea kwa miguu misituni na, wakati wa baridi, juu ya theluji. Huko alikuta mchungaji mwenzake akimiliki watumwa weusi. Hakunyamaza. Mwaka 1788 alichapisha barua ndefu mjini Halifax kumtaka amwache huru msichana mmoja kati yao, na sehemu kubwa ya fedha taslimu ya mshahara wake wa kwanza aliitoa kumkomboa mtumwa. Nimejiuliza mara nyingi kama utoto wa kuitwa kwa jina la watu wengine ndio uliompa sikio la kumsikia mtu anayeitwa mali ya wengine. Hakuandika hivyo, nami simtilii maneno kinywani.

Alikuwapo pia Gregor MacGregor, mzaliwa wa mwaka 1786 wa familia ya Glengyle, aliyepigana pamoja na Bolívar katika vita vya uhuru vya Amerika ya Kusini, kisha akawauzia Waskoti ardhi ya nchi aliyoitunga mwenyewe, Poyais, kwenye pwani ya Amerika ya Kati. Januari 1823 meli iliondoka bandari ya Leith na familia zilizouza kila kitu. Walikuta msitu na homa. Kati ya watu kama 250 waliokwenda kwa meli mbili, wasiofika 50 ndio waliorudi Uingereza. Vitabu vingi humtaja huyu peke yake, na naona si haki kwa wengine.

Huku nyumbani, watu 826 walitia saini kumtambua John Murray wa Lanrick, aliyetumikia Kampuni ya India Mashariki huko Bengal, kuwa ni MacGregor na mkuu wao. Agosti 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, ziara ya kwanza ya mfalme huko baada ya karibu miaka 200. Taji la Uskoti lilipotolewa ngomeni kupelekwa jumba la Holyrood, waliopewa heshima ya kulisindikiza walikuwa wanaume wa Clann Ghriogair, wakiongozwa na mwana wa John, Sir Evan, ambaye mwaka huo huo alipata kibali cha mfalme kuliacha jina la Murray. Walipanga mstari na silaha zao mikononi, visu vikiwa na ncha.

Tangu hapo jina likasambaa na dola. Sir Evan alifia Barbados mwaka 1841 akiwa gavana. William MacGregor, mtoto wa kibarua wa shamba huko Aberdeenshire, alianza kazi ya udaktari ya ng'ambo Ushelisheli mwaka 1873, akaishia kuwa gavana wa Lagos, Newfoundland na Queensland. Lilifika hata kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS, A. W. McGregor, alifungua kituo Kabete kisha Weithaga, na mwaka 1905 sarufi yake ya lugha ya Kikuyu ikachapishwa. Jina ambalo mwandishi wa hati wa Uskoti asingethubutu kuliandika likasomeka kwenye kitabu cha lugha ya Kikuyu.

Si wote waliorudi. Wengine walikuwa wameoa, wamenunua mashamba na kuzika wazazi wao kama Drummond au Campbell, na mwaka 1774 ulipofika hakukuwa na mzee wa kuwaambia wajukuu. Miaka ya karibuni ukoo umekuwa ukikusanya vipimo vya vinasaba kutoka kwa wanaume wa Uskoti, Amerika ya Kaskazini na kwingineko. Alama inayopita kutoka baba kwenda mwana imeonekana kwa kundi kubwa la akina MacGregor, na pia kwa wanaume wenye majina mengine kabisa. Mtu hutuma mate yake ndani ya kichupa, hungoja wiki kadhaa, kisha hufungua barua na kusoma kwamba yeye ni bin Gregori.