Somo la Redio: Kupanga ni Kuchagua

Leo tutasoma habari za wakati. Mtu mzima hana siku nzima ya kusoma. Ng'ombe wanangoja kukamuliwa, mahindi yanangoja palizi, watoto wanangoja chakula. Wengi husema, "Nitasoma nikipata nafasi." Basi tutazame jinsi waliotutangulia walivyoipata nafasi hiyo.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wa Tanzania Bara, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Rais Julius Nyerere alitangaza kuwa 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimia kuwa ifikapo mwisho wa 1975 kila mtu awe amejua kusoma.

Waliojiandikisha wengi walikuwa wakulima na wafugaji kama ninyi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Siku yao haikuongezwa hata saa moja. Kilichobadilika ni mpango. Madarasa mengi yalikutana alasiri, baada ya kazi za shamba, kwa siku zinazojulikana. Siku ya darasa ikawa kama siku ya mnada: kazi nyingine zilipangwa kabla yake au baada yake.

Tena walijifunza kuigawanya kazi kubwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Iliendelea kwa majuma 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kupambana na malaria, kuhara, safura na kichocho kwa mara moja kungemtisha yeyote. Lakini vikundi vilikutana, vikasikiliza kipindi, vikasoma kitabu, vikazungumza, kisha watu wakaenda kufanya jambo moja: kuchimba choo, au kufukia dimbwi.

Mtihani wa 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hata kufika 39 katika 100. Mwaka 1986 walikuwa kama 10 tu. Lakini baadaye madarasa yalipungua, na sensa ya 2012 ilikuta kama 22 katika 100. Tuone hapo: elimu isiyotengewa wakati hurudi nyuma.

Kampeni nyingine, ya 1969, iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Jina hilo peke yake ni somo. Ukiitenga saa ya kusoma, lazima useme pia ni kazi gani itakayosogezwa, na nani ataifanya. Mama anayeteka maji, kukata kuni na kupika peke yake hawezi kufika darasani kwa nia tu. Baba na watoto nao wabebe ndoo.

Sasa fanyeni kazi hii pamoja na mwalimu wenu:

1. Andika kazi zako za jana, tangu alfajiri hata usiku.
2. Ni kazi gani inayoweza kufanywa na mwingine nyumbani?
3. Chagua siku mbili za juma na nusu saa ya kusoma. Waambie watu wa nyumbani kwako.

Kwaherini, na kazi njema.