Mwalimu, "hapa" ni wapi?



Tukiwa sekondari hapa Kalemie, darasani mwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye macho yake yalikuwa hafifu sana. Siku moja ya jiografia mwalimu akachora Ziwa Tanganyika kwenye tablo, akaonyesha kwa chaki: "Munaona, maji inatoka hapa, inapita hapa, inaenda kuangukia huku." Mwenzetu akauliza kwa heshima: "Mwalimu, hapa ni wapi?" Darasa zima tukacheka. Mimi pia nilicheka. Mwaka ule hakuuliza tena swali.

Juzi, nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye telefone, nikaangukia historia ya watu waliolichukua swali lile kwa uzito. Kazi yao inaitwa maelezo ya sauti: anayeona anamwambia asiyeona, kwa maneno machache na kwa wakati unaofaa, kile kilicho mbele ya macho.

Wengi wetu tukisikia elimu ya wasioona tunawaza nukta za Braille tu. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka akiwa mtoto, alizitunga mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Zilifungua kitabu. Lakini picha, ramani na filamu zilibaki zimefungwa kwa zaidi ya karne.

Huko Marekani, sheria ya 1958 iliwapa viziwi filamu zenye maandishi chini ya picha. Katika miaka ya 1960 Chet Avery, mtumishi wa serikali aliyepoteza macho akiwa na miaka 17, akauliza: na sisi tusioona je? Vyama vya wasioona vya wakati ule viliona kazi na mkate ndiyo vya kwanza, na siwalaumu. Wazo likalala.

Aliyeliamsha ni Gregory Frazier. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anatazama filamu ya *High Noon* nyumbani pamoja na rafiki asiyeona, na rafiki akamuomba amueleze kinachotendeka. Wangapi kati yetu tumeombwa hivyo, tukajibu "ngoja kidogo, nitakuambia mwisho"? Frazier alieleza, halafu akaenda kuliandikia memwari. Ndiyo, memwari ya chuo kikuu, San Francisco, mwaka 1975. (Yangu mimi inakula vumbi kwenye kabati ya fakilte, panya ndiyo wasomaji wake.)

Katika memwari ile alichukua filamu ya televisheni ya 1974, *The Autobiography of Miss Jane Pittman*, habari ya mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani. Siye tulio jirani na Mtowa, ambako misafara ya watumwa ilivukia ziwa kuelekea Ujiji, habari hiyo si ngeni kwetu. Mwishoni bibi huyo, mzee sana, anatembea polepole mpaka kwenye bomba la maji la wazungu, anakunywa. Filamu yote inaelekea pale, na mwenye kutegemea masikio tu hapati kitu. Frazier aliandika maneno ya kujaza nafasi za namna hiyo: kile kinachoonekana, bila kumfundisha msikilizaji ahisi nini, na bila kufunika sauti za wachezaji.

Mwaka 1981 jambo likafika tiyatrini. Margaret Rockwell, ambaye mwenyewe macho yake yalikuwa yamekwisha, alikuwa na redio ya kuwasomea wasioona magazeti mjini Washington tangu 1974. Yeye na Cody Pfanstiehl, ambaye baadaye alikuwa mume wake, wakaanza kueleza michezo katika Arena Stage kupitia vifaa vidogo vya masikioni.

Kwetu kazi hii tunaijua kwa jina lingine: mpira redioni. Tarehe 22 Juni 1974, Zaire na Brazil, Mwepu Ilunga anatoka kwenye ukuta na kupiga mpira wa adhabu ambao si wake. Wazee wengi waliufuata mchezo ule kwa masikio. Mtangazaji anayepiga kelele "Lo! Lo! Lo!" bado hajakuambia kitu, lazima aseme nani katoka wapi na mpira umekwenda upande gani.

Nchi yetu iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria yetu yenyewe ikatangazwa tarehe 3 Mei 2022. Lakini munazijua auditwari zetu: "Fungueni silabusi, angalieni mchoro," basi, tunaendelea. Kueleza mchoro hakuombi umeme wala projektere.

Ndugu yangu wa sekondari, nimechelewa miaka mingi, lakini jibu lako ni hili. Ziwa ni refu na jembamba, kama muhogo uliosimamishwa, ncha ya chini imeinama upande wa kuume. Urefu ni karibu kilomita 670, upana kwa wastani 50. Juu kabisa, kushoto ni Uvira, kuume ni Bujumbura. Chini ni Zambia. Ukingo wote wa kuume, ukitoa kipande cha Burundi huko juu, ni wa Tanzania. Kigoma iko pale, karibu theluthi moja kutoka juu. Sasa rudi ukingo wa kushoto, shuka mpaka karibu katikati. Hapo ndipo Kalemie. Hapo maji inatoka ziwani kwa mto Lukuga, inaenda kushoto, magharibi, mpaka inaangukia Lualaba.