Kijiji Kisicho na Kuta

Mgeni anayezuru kwa siku moja kijiji cha milimani Italia huonyeshwa kuta za mawe. Akipanda Gwarama, mkoani Kigoma, Tanzania, katika himaya ya zamani ya Waha iliyoitwa Buyungu, atauliza: kijiji cha kale kiko wapi? Swali lenyewe limekosewa. Waha waliishi kaya mojamoja, kila msonge ndani ya migomba yake, na mlima mzima ndio uliokuwa jamii. Nyumba zilizokusanywa pamoja zililetwa hasa na makazi ya kukwepa malale miaka ya 1930, kisha Operesheni Kigoma ya 1972, iliyohamishia watu vijijini. Wapo watakaosema nyasi za misonge huoza, kwa hiyo ushahidi umepotea. Sikubali. Mahame husomeka: migomba iliyobaki porini, shina jipya likichipua ubavuni mwa lililooza, pale palipokuwa uani.