Kipimo na Rangi ya Ngozi: Funzo la Ujiji

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Macho ya Speke yalikuwa mabovu kwa ugonjwa, hata ziwa alilolisafiria miezi saba aliliona kama ukungu. Walipima kimo cha nchi kwa joto la maji yachemkayo, wakapata futi 1,800 hivi juu ya bahari. Kumbe Ziwa Tanganyika li juu zaidi ya futi 2,500. Kipimajoto kilikosea, na kosa likaingia vitabuni.

Kosa lile halikumwua mtu. Lipo jingine la leo, lenye kuhusu uhai wa watoto.

Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alitoa njia ya kupima oksijeni ya damu bila kuitoa damu yenyewe. Nuru nyekundu, na nyingine isiyoonekana kwa macho, hupitishwa kidoleni. Damu iliyopungukiwa na oksijeni huimeza zaidi ile nyekundu. Lakini weusi wa ngozi nao humeza nuru, na vifaa hivi vilisanifiwa kwa kupimwa hasa kwa watu weupe. Wataalamu wa Marekani walionya mwaka 1990, hawakusikizwa sana. Mwaka 2020 ilidhihirika huko kwamba, kati ya wagonjwa wazima walioonyeshwa na kifaa kuwa na asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa weusi 11.7 katika kila 100, na kwa weupe 3.6. Mwaka 2022 uchunguzi wa watoto ulionyesha vivyo hivyo.

Sasa tumfikirie mtoto mwenye kichomi katika kijiji cha pwani ya ziwa, kusini ya Kigoma, ambako njia ya hospitali ni mashua. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba aliye chini ya 90 apewe oksijeni. Kifaa kikisema 92, na kweli ni 88, mama ataambiwa arudi nyumbani, na mashua haitaitwa.

Hatusemi kifaa kitupwe, kwani kimeokoa wengi. Twasema mganga asiache kutazama mbavu zinazobonyea, ulimi uliobadilika rangi, na mtoto anayeshindwa kunyonya. Na watengenezaji wavipime vifaa vyao kwa watoto weusi kabla ya kuviuza. Tarakimu ya Speke ilisahihishwa na wasafiri waliofuata. Mgonjwa wetu hawezi kungoja hivyo.