Mambo Mawili Yaliyorudi Nyumbani

Siku hizi ukipanda matatu, au ukiketi katika chumba cha walimu wakati wa chai, hukosi kusikia watu wakibishana juu ya mambo mawili. La kwanza ni sinema: kwa nini makampuni ya Marekani yazitengeneze upya sinema tulizozitazama utotoni, badala ya kutunga hadithi mpya? La pili ni kazi: je, yafaa karani au mhasibu afanye kazi yake nyumbani, au hapana budi arudi afisini, akae pale mkubwa wake anapoweza kumwona? Mambo hayo yaonekana hayana udugu wowote. Lakini mtu akiyafuata nyuma katika historia ataona kwamba wabishanao wana kosa moja. Wote hudhani kwamba jambo wanalolisema limeanza jana.

Nianze na sinema, maana ndiyo niliyoijua mapema.

Nalikuwa na umri wa miaka tisa hivi nilipoitazama hadithi ya mtoto wa simba aliyefiwa na baba yake. Kwetu hatukuwa na televisheni. Jirani mmoja, dereva wa lori, alikuwa nayo pamoja na mtambo wa kanda za video, na siku za Jumapili alituruhusu watoto wa mtaa tuketi sakafuni kwake, mradi tumenawa miguu. Kanda yenyewe ilikuwa imechezwa mara nyingi hata picha zikawa na mistari kama mvua. Baba simba alipokufa chini ya kwato za nyumbu, dada yangu mdogo alilia hata akatolewa nje. Sisi wavulana tulijikaza, tukatazama dari.

Sinema hiyo ni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Picha zake karibu zote zilichorwa kwa mkono. Yale makundi ya nyumbu ndiyo yaliyosaidiwa na kompyuta. Kabla ya kuichora, baadhi ya watengenezaji wake walizuru Kenya na kupita katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Wakachukua kwetu, pamoja na sura ya nchi, maneno kadha: Simba, Rafiki, ngiri wakamwita Pumbaa, na fisi mmoja wakamwita Shenzi. Kwetu sisi watoto ilikuwa ajabu kubwa kumsikia Mzungu akilitamka jina hilo mbele ya watu wazima, ilhali sisi tungelilitamka tungechapwa.

Na ule wimbo wa hakuna matata je? Maneno hayo Disney hawakuyabuni. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikwisha kuyaimba mwaka 1982 katika wimbo wa Jambo Bwana, uliotungwa kwa ajili ya kuwakaribisha watalii. Lakini mwaka 1994 Disney waliomba huko Marekani wayasajili maneno hayo kuwa alama yao ya biashara katika mavazi, na mwaka 2003 wakakubaliwa. Habari hiyo ilipoenea mwishoni mwa mwaka 2018, watu wengi sana walitia sahihi zao kupinga. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimkatazi mtu kusema; humzuia tu mfanyabiashara mwingine asiuze fulana zenye maneno hayo katika nchi iliyosajiliwa. Maelezo hayo ni sahihi, nami sina ugomvi nayo. Ila nafikiri kwamba aliyeazima chungu cha jirani hangoji kuambiwa na hakimu kwamba si vizuri kukiandika jina lake.

Mwaka 2019 sinema hiyo ilitengenezwa upya chini ya uongozi wa Jon Favreau. Safari hii kompyuta ndiyo iliyofanya karibu kila kitu, na simba wakawa kama simba wa kweli, kila unywele mahali pake. James Earl Jones, aliyetoa sauti ya baba simba mwaka 1994, alirudi kuitoa tena. Mapato yake duniani yalizidi dola bilioni 1.6. Nilikwenda kuitazama pamoja na dada yangu yule, sasa mama wa watoto wawili. Hakulia. Tulipotoka nilimwuliza sababu, akasema, “Kaka, wale ni simba hasa. Simba hana uso wa kulia.” Sijasoma mhakiki aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi. Michoro ya zamani iliwapa wanyama nyuso za watu, nasi tukajiona ndani yake. Picha mpya zimewarudishia wanyama nyuso zao, tukabaki nje.

Hata hivyo, wanaosema kwamba kufufua sinema za kale ni dalili ya uvivu wa zama hizi hawajui historia. Disney walitoa sinema yao ndefu ya kwanza ya michoro, Snow White and the Seven Dwarfs, mwezi wa Desemba mwaka 1937. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, masoko ya Ulaya yalifungwa, na sinema mbili za gharama kubwa walizozitoa mwaka 1940 hazikurudisha fedha zake. Basi mwaka 1944 wakaitoa ile ya 1937 mara ya pili katika majumba ya sinema, na watu wakajaa. Tangu hapo ikawa desturi: kila baada ya miaka saba hivi sinema ya zamani hufunguliwa tena, maana katika muda huo kizazi kipya cha watoto kimekwisha kuzaliwa. Desturi hiyo ilidumu mpaka kanda za video zilipoingia majumbani katika miaka ya 1980. Mtu mwenye kanda kabatini hana haja ya kungoja miaka saba. Kwa maoni yangu hapo ndipo njia ya kutengeneza upya ilipofunguka: kwa kuwa kitu cha kale chenyewe hakiuziki mara ya pili kwa urahisi, hutengenezwa kingine kwa jina lile lile. Ndivyo zilivyorejea Cinderella mwaka 2015, The Jungle Book mwaka 2016, Beauty and the Beast mwaka 2017. Si kila mara biashara hiyo hufaulu. Snow White yenyewe ilipofanywa upya mwaka 2025, mapato yake hayakufikia matumaini ya waliogharimia.

Mojawapo ya sinema hizo ilipatwa na mkasa. Mulan, iliyochorwa mwaka 1998, ilikuwa imefanywa upya na kuwekwa tayari kufunguliwa mwezi wa Machi mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ukaingia, majumba ya sinema yakafungwa, na hatimaye mwezi wa Septemba watu wa Marekani wakauziwa sinema hiyo kwa njia ya intaneti, waitazame kwao. Mtazamaji alikuwa amerudishwa sakafuni kwa yule dereva wa lori. Na katika mwezi huo huo wa Machi, kazi nayo ilikuwa imerudi nyumbani.

Nasema imerudi, kwa sababu ndiko ilikotoka. Kabla ya mwaka 1770 hivi, sehemu kubwa ya nguo za Uingereza zilifumwa katika nyumba za watu. Mfanyabiashara alipeleka sufu au pamba kwa mafundi vijijini, akarudi baadaye kuchukua nguo na kulipa. Mke na watoto walisokota nyuzi, mume akafuma. Katika vilima vya Yorkshire na Lancashire zingali ziko nyumba za mawe zenye safu ndefu ya madirisha katika orofa ya juu, yaliyowekwa ili kitanda cha mfumi kipate mwanga. Fundi alijipangia saa zake. Jumatatu nyingi hakushika kazi, hata siku hiyo ikapewa jina la mzaha, Mtakatifu Jumatatu. Kisha ikifika Alhamisi na Ijumaa alikesha. Mwaka 1771 Richard Arkwright akaanza kujenga huko Cromford kiwanda cha kusokota nyuzi kwa nguvu za maji, chenye kengele na zamu za saa 12. Hivyo desturi ya kutoka asubuhi kwenda kazini, ambayo sisi twaiona ya asili kama kuchomoza kwa jua, kwa mafundi wale ilianza juzi tu.

Kwetu ilianza juzi zaidi. Mwanamke wa Lamu aliyesuka ukili wa mkeka, mshonaji wa kofia barazani, mama wa Ukambani aliyesuka kiondo huku akitembea, hao wote hawakuagana na nyumba zao ili wafanye kazi. Mwaka 1901 serikali ya Kiingereza iliweka kodi ya nyumba, ikaja kudai ilipwe kwa fedha, na fedha zilikuwa kwa Wazungu: relini, mashambani, mijini. Tazama basi kinyume hiki: nyumba yenyewe ndiyo iliyomfukuza mwenyewe aende akaitafutie kodi. Baadaye, kuanzia mwaka 1920 hivi, akavikwa kipande shingoni, kilichoandikwa kazi aliyoifanya na bwana aliyemfanyia.

Msomaji asidhani kwamba naisifu kazi ya nyumbani kwa kuwa ni ya kale. Kiwanda hakikuimaliza, kiliigeuza ikawa kazi ya maskini wasioonekana. Huko Cradley Heath, Uingereza, wanawake walifua minyororo katika vibanda vya moto nyuma ya nyumba zao, watoto wachanga wakiwa kando ya tanuri. Wengine walipata kama shilingi tano kwa juma la saa 54. Mwaka 1909 ilitungwa sheria ya kuweka mishahara ya chini katika kazi za namna hiyo, na mwaka 1910 bodi ikaamua kiwango kilichokuwa kama mara mbili ya malipo yao. Matajiri wengi wakawatilisha wanawake hao sahihi katika karatasi za kukubali kungoja malipo mapya, na wengi hawakujua kusoma. Ndipo walipogoma, wakiongozwa na Mary Macarthur, kwa majuma 10. Mgomaji mmoja alikuwa ajuza wa miaka 79. Kampuni ya Pathé ikapiga filamu ya mgomo, ikaonyeshwa katika majumba ya sinema, na michango ikamiminika. Wakashinda. Sinema, ambayo leo twaibishania kama mchezo wa watoto, siku hiyo iliwatoa watu wa kazi za nyumbani gizani.

Nchi hiyo hiyo ina mfano mwingine ulio mzuri zaidi. Stephanie Shirley, aliyeletwa Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi, alianzisha mwaka 1962 kampuni ya kutunga programu za kompyuta, akawaajiri wanawake waliokwisha kuolewa na kuzaa, wafanye kazi makwao. Barua zake alizitia sahihi kwa jina la Steve ili wanaume wasizitupe, na alipopigiwa simu alicheza kanda yenye mlio wa mashine za chapa, mteja asisikie mtoto akilia. Wanawake hao walishiriki katika programu za ndege ya Concorde. Baadaye, mwaka 1973, Jack Nilles wa Marekani alianza kuhubiri kwamba ni rahisi kupeleka kazi kwa mtu kuliko kumpeleka mtu kazini. Wachache walimsikia, na waliomsikia wengine wakaghairi. Kampuni ya Yahoo iliwaita watu wake warudi afisini mwaka 2013.

Korona haikumwuliza mtu maoni yake. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 Rais alitangaza kufungwa kwa shule za Kenya. Nami nikawa mwalimu wa nyumbani. Nilikuwa na wanafunzi 48 wa kidato cha pili, na waliokuwa na simu ya kupokea masomo makwao hawakuzidi 12. Wengine walisikiliza vipindi vya redio, kama redio ilikuwa na betri na kama mama hakuwatuma. Mimi mwenyewe nilisahihisha insha mezani jikoni, wapwa zangu wakitazama The Lion King katika simu ile ile niliyoihitaji, nikingoja zamu yangu. Sikuona uhuru wa yule mfumi na Jumatatu yake. Nyumba yenye vyumba vinne na nyumba yenye chumba kimoja hazirudiwi na kazi moja.

Madarasa machache yalifunguliwa tarehe 12 Oktoba, na shule zote tarehe 4 Januari 2021. Katika wale 48 hawakurudi watatu. Mmoja, msichana aliyekuwa hodari wa historia, nilimfuata mpaka kwao. Mama yake alikuwa ameugua, wadogo zake walikuwa wanne. Nilikwenda mara tatu, na mara ya tatu nilimkuta mama peke yake, akanikaribisha chai wala hatukulitaja jambo lililonileta.

Mwaka jana tulikutana sokoni. Aliniambia kwamba sasa anafanya kazi nyumbani: hupokea kwa intaneti mazungumzo ya wageni yaliyorekodiwa, akayaandika neno kwa neno, na hulipwa kwa kila dakika ya sauti, si kwa kila saa ya kuandika. Dakika moja yenye kelele humchukua robo saa. Mtu anayemlipa hajapata kumwona wala hamjui jina. Aliniuliza kama kazi hiyo naihesabu kuwa kazi. Nilikuwa na kitabu mkobani, nikamfungulia picha ya wanawake wa Cradley Heath wamesimama barabarani, wamevaa kofia zao nzuri za Jumapili, na minyororo mikononi. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza walikuwa wakilipwa siku gani ya juma.