"Nyinyi mlitoka wapi?" Swali ambalo Waogiek wamelipia bei

Darasa la historia, kidato cha kwanza, shule moja hapa Nakuru. Mwalimu amechora ramani ya Kenya ubaoni na sasa anaongeza mishale. Mshale kutoka Kongo, huo wa Wabantu. Mshale kutoka kaskazini, mpaka wa Sudan na Ethiopia, unashuka hadi Mlima Elgon: Wakalenjin. Mwingine unapita Ziwa Turkana na Bonde la Kerio: Wamaasai. Akimaliza anatuzungukia mmoja mmoja. "Nyinyi mlitoka wapi?" Tunajibu kama kasuku. Akafika kwa jamaa aliyekuwa anakaa nyuma yangu, anatoka upande wa Nessuit. Jamaa akasimama, akasema, "Sisi hatukutoka mahali. Tulikuwa tu hapa."

Darasa zima tukacheka. Mimi nilicheka sana, nisidanganye. Mwalimu akamwambia aketi, aende asome.

Yule jamaa ni Mwogiek. Miaka imepita, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba siku ile yeye peke yake ndiye aliyejibu kitu alichokuwa amekifikiria. Sisi wengine tulikuwa tunasoma mishale.

Hebu tuangalie hiyo mishale kwanza. Kila mshale una ncha, si ndiyo? Na ncha ilitua mahali palipokuwa na mtu. Hata masimulizi ya makabila makubwa yanakubali hivyo. Wazee wa Kikuyu husimulia kuhusu Agumba na Athi, watu wa msituni waliowakuta, na jinsi ardhi ya Kiambu ilivyonunuliwa kutoka kwa Athi kwa mbuzi, baada ya pande mbili kufanyiana sherehe ya kuwa ndugu. Wakalenjin na Wamaasai nao wana zao kuhusu watu wa asali. Yaani kila mtu anajua alikuta mtu. Lakini kwenye daftari langu la historia hao waliokutwa walipata sentensi moja, halafu mshale ukaendelea.

Sasa, swali la asili yao ni swali halali, na wasomi wamelibishania. Lugha ya Waogiek ni ya Kinailoti cha Kusini, iko jikoni mwa Kikalenjin kabisa, Mkipsigis na Mwogiek wanaweza kusikilizana. Kwa hiyo kuna wasemao kwamba hawa ni Wakalenjin ambao zamani waliamua msitu ni bora kuliko ng'ombe. Wengine wanasema la, hawa ni wawindaji wa kale waliokuwa hapa kabla ya wafugaji, wakaishi na majirani mpaka wakachukua lugha ya majirani. Watu hubadilisha lugha bila kubadilisha mahali. Angalia Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia: lugha yao ya asili ilikuwa ya Kikushi, leo karibu wote wanaongea Kimaa. Hawakuhama. Ulimi ndio ulihama.

Mimi si profesa, lakini maoni yangu ni kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa koo tofauti. Waogiek hawako Mau peke yake. Wako Chepkitale kwenye Mlima Elgon, na ndugu zao Waakie wako Tanzania, kwenye nyika za Wamaasai. Watu waliotawanyika hivyo hawawezi kuwa na mshale mmoja.

Na hili bonde letu halikuwahi kuwa tupu likisubiri mishale. Ukitoka mjini Nakuru kwenda Nairobi unapita Hyrax Hill. Wengi wetu tulipelekwa na shule tukala mkate na soda tukarudi. Pale Mary Leakey alianza kuchimba mwaka wa 1937 akakuta makaburi, vyombo na mashimo ya zizi za watu wa nyakati tofauti tofauti. Upande wa Njoro kuna pango la mtoni ambamo watu walichoma na kuzika wafu wao pamoja na shanga na mabakuli ya mawe, miaka kama 3,000 iliyopita. Siwezi kusema hao walikuwa Waogiek, na mtu akikwambia hivyo anakuuzia. Ninachosema ni kwamba watu wamechanganyika hapa muda mrefu sana kabla ya mtu yeyote kushika chaki.

Lakini kitu ambacho kilinibadilisha kabisa si mambo ya wasomi. Ni kujua jinsi Waogiek walivyogawana msitu.

Kwenye ramani zetu ardhi ni mraba, una kona nne na jiwe la mpaka. Ya Waogiek wa Mau ilikuwa kama utepe. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, na eneo hilo lilipanda mteremko kutoka chini, kwenye vichaka vilivyopakana na mbuga, hadi juu kabisa kwenye baridi na mianzi. Sababu ni nyuki. Maua hayachanui wakati mmoja mlima mzima. Yanaanza sehemu moja, yanaisha, yanaanza nyingine. Nyuki wanafuata maua, na watu wanafuata nyuki. Ukoo ukiwa na utepe unaogusa kila kimo cha mlima, una asali misimu mingi. Ukipewa mraba mmoja, hata uwe mkubwa namna gani, una asali ya msimu mmoja kisha unalala njaa.

Mizinga yenyewe ilichongwa kwa gogo, la mtarakwa likipatikana kwa sababu halioozi haraka, ikapandishwa juu ya miti. Kila mti wenye mzinga una mwenyewe, na kila mtu anamjua. Nyama ilitoka kwa perere, nguruwe wa msituni na swara. Asali ililiwa, ikatengenezewa pombe, ikatolewa kwa mahari, ikauzwa kwa Wamaasai na Wakipsigis ambao sherehe zao zilihitaji pombe ya asali. Hii si jamii iliyojificha msituni ikiogopa watu. Ilikuwa na biashara.

Kwa hiyo, walihama? Ndiyo, kila mwaka. Kwenda juu na kurudi chini. Hakuna mshale wa kuchora safari kama hiyo.

Sasa njoo kwa jina. Mpaka leo utasikia watu Nakuru wakisema "Ndorobo" na hawamaanishi kitu kibaya. Neno limetoka kwa Kimaasai, il-torobo, maskini, mtu asiye na ng'ombe. Kwa Mmaasai hiyo ilikuwa maelezo tu: huna mifugo, basi wewe ni maskini. Wazungu wakalichukua wakalifanya jina la kabila, wakaweka ndani yake kila mtu aliyeishi kwa kuwinda na asali, hata Wayaaku ambao lugha yao haikuhusiana na ya Waogiek hata kidogo. Fikiria nije kwenu, niite familia yenu "Hawana Gari", kisha niandike hivyo kwenye kitambulisho.

Ukishaitwa "asiye na kitu", ni rahisi watu kuamini kwamba huna ardhi pia. Mwaka wa 1904 Waingereza walifanya mkataba na Wamaasai ili watoke huku kwetu, Nakuru na Naivasha, ardhi ipewe walowezi. Ulikuwa mkataba mbaya na Wamaasai waliumia. Lakini angalau waliulizwa. Waogiek hawakuwa kwenye hiyo meza.

Halafu 1932 ikaundwa Tume ya Ardhi ya Kenya, ile inayoitwa Tume ya Carter kwa jina la mwenyekiti wake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya ardhi ya Waafrika na kupanga rizavu. Ilipofika kwa "Dorobo", pendekezo likawa wahamishwe waingie kwenye rizavu za makabila wanayofanana nayo zaidi. Unaongea kama Mkipsigis? Nenda kwa Wakipsigis. Unaongea Kimaasai? Nenda kwa Wamaasai. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu. Swali ni lile lile, nyinyi mlitoka wapi, nyinyi ni wa nani. Tofauti ni kwamba hii mara jibu lilikuja na askari. Serikali ikabaki na msitu, na sehemu kubwa zikapandwa misonobari na mikaratusi ya mbao. Msonobari hauna ua la nyuki.

Uhuru ukaja. Hapa stori inafika nyumbani kwetu, na lazima niiseme.

Shosho wangu ana shamba upande wa Likia. Walifika miaka ya 90 wakiwa na karatasi, wakiwa wamepoteza walichokuwa nacho kwingine. Mashariki mwa Mau, yaani Likia, Nessuit, Mariashoni, Teret, serikali ilikuwa inagawa msitu, na mwaka wa 2001 ikatangaza rasmi kukata zaidi ya hekta 35,000 za msitu huo. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa kuwapa Waogiek makao. Wakapewa baadhi, viwanja vya mraba. Vingine vingi vikaenda kwa watu wengine, wakiwemo wenye majina makubwa ambao hawajawahi kulima kiazi. Na wengine kama shosho, ambao hawakuwa na pa kwenda.

Viazi vya hilo shamba ndivyo vilinisomesha. Nyuma ya jikoni kuna gogo limepasuliwa katikati, limechongwa ndani, kuku hunywea maji humo. Nimeliona maisha yangu yote. Juzi ndiyo nikajua ni nini. Nikamuuliza, "Shosho, hii ulitoa wapi?" Akasema, "Ilikuwa juu ya mti tulipokuja. Mti ulipoanguka ikapasuka." Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Akaendelea kumenya viazi.

Simlaumu shosho. Pia siwezi kujifanya sikuuliza.

Waogiek wenyewe hawakukaa kimya. Wale wa Tinet, kusini magharibi mwa Mau, walienda Mahakama Kuu, wakashindwa mwaka wa 2000. Moja ya hoja ilikuwa kwamba wamebadilika, hawaishi tena kama mababu zao. Ona hiyo hesabu. Miaka ya 30 unaambiwa unafanana sana na jirani, huwezi kuwa na msitu wako. 2000 unaambiwa hufanani tena na babu yako, huwezi kuwa na msitu wako. Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku 30 watoke Mau, kuokoa vyanzo vya maji. Na maji ni jambo la kweli, mto Njoro na Makalia inayoingia Ziwa Nakuru inatoka huko juu. Lakini msitu ulikuwa mzima walipokuwa nao. Uliisha tulipofika sisi.

Kesi ikaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 wakashinda. Mahakama ikasema Waogiek ni watu wa asili wa Mau, na kwamba serikali haikuthibitisha kwamba wao ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa madhara mengine, na agizo kwamba ardhi yao ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 63, inasema ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Iko kwa karatasi, imeandikwa vizuri.

Sensa ya 2009 ilihesabu Waogiek 78,691. Ya 2019, 52,596. Wengine wengi tuliongezeka. Sidhani watu zaidi ya 26,000 walikufa. Nadhani karani alifika mlangoni, akauliza kabila, na mtu akahesabu haraka haraka ni jibu gani halitamletea shida. Hiyo ni dhana yangu tu, lakini nilikuwa darasani siku ile, najua kicheko hufanya nini.

Yule jamaa nilimtafuta. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajikuta nazungukazunguka, naongea mpira, naongea bei ya unga. Mwisho nikamwambia kuhusu lile gogo la shosho. Akaniuliza kama lina alama yoyote ubavuni. Sijui. Jumamosi napanda Likia, nitaliosha nitazame.