Subukia 1928: Majengo ya Zamani Nakuru Yamepimwa?

Wasee wa Nakuru, leo ni historia kidogo. Tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilipasuka kule Subukia, karibu tu na sisi. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa karibu 6.9, na ufa wake ulionekana juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 30. Ni kati ya matetemeko makubwa zaidi kurekodiwa Kenya. Wakati huo Nakuru ilikuwa mji mdogo wa reli na masetla. Tangu Desemba 2021 ni jiji.

Sasa shika hii. Kenya ilipata mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko mwaka 1973, miaka 45 baada ya Subukia. Kwa hivyo wodi, shule ama stesheni ya polisi iliyojengwa kabla ya hapo, ilijengwa bila huo mwongozo. Hiyo haimaanishi ni mbovu. Inamaanisha huwezi kusema iko salama mpaka ipimwe.

Ukuta wa mawe usio na vyuma ndani hubeba paa miaka na miaka bila shida. Lakini tetemeko halibonyezi kutoka juu tu, linasukuma kutoka upande, na hapo ndipo mawe huachana.

Waulize watu wa Bukoba, Tanzania. Septemba 10, 2016 walipigwa na tetemeko la 5.9. Zaidi ya watu 15 walikufa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Na lile la Subukia lilitoa nguvu karibu mara 30 ya hilo.

Kukagua hakuanzi na mamilioni. Injinia anazunguka jengo na fomu: ni la mwaka gani? Ni mawe ama zege? Chini kuna kuta, ama ni nguzo tu? Nyufa ziko wapi? Udongo ni upi? Yenye alama mbaya ndiyo yanapimwa kwa undani, kisha yanaongezwa nguvu.

Hospitali ziwe za kwanza, juu nyumba ikianguka tunakimbizwa hospitali. Hospitali ikianguka tutakimbizwa wapi?

Ombi langu kwa kaunti ni moja: toeni orodha ya majengo ya umma ya kabla ya 1973, na mbele ya kila jina muandike lilikaguliwa lini na likaonekana vipi. Hata kama jibu ni "bado", tuambiwe.